Wafugaji na wanyamapori Ngorongoro: udongo wa mazizi ya kale unasema nini hasa?

Kichuguu:
Tangu Juni 2022 kaya za wafugaji zinahama Ngorongoro kwenda Msomera, Handeni, na mabishano hayajapoa. Anayeunga mkono anasema wanyamapori waachiwe nyika yao kama ilivyokuwa zamani. Anayepinga anasema mfugaji na mnyama wameishi pamoja tangu zamani. Wote wanaapia zamani hiyohiyo, na imelala ardhini, inafukulika. Hoja yangu: nyika isiyo na mifugo haikuwa hali ya kawaida ya ukanda huu kwa karibu miaka 3,000.

Mwaka 2018 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi ulioongozwa na mwanaakiolojia Fiona Marshall kuhusu makazi matano ya wafugaji wa kale huko Narok, kusini-magharibi mwa Kenya, yenye umri wa kati ya miaka 1,550 na 3,700. Ukisafisha ukuta wa shimo unaona tabaka la kijivu, laini kama unga, unene hadi sentimita 30 hivi. Ni samadi ya zizi iliyooza. Fosforasi, kalsiamu na magnesiamu ndani yake bado ni nyingi kuliko kwenye udongo wa jirani.

Ng'ombe hula majani mchana kutwa kwenye eneo pana, usiku analeta rutuba yote mahali pamoja. Boma likihama, mwanzoni huota magugu tu, baadaye ukoka na majani mafupi matamu. Swala, nyumbu na pundamilia huyafuata, nao hunya hapohapo, na rutuba inaendelea kuzunguka. Uwazi wa mita 100 hivi unabaki katikati ya vichaka kwa karne nyingi. Kwa hiyo mfugaji alikuwa akimlisha mnyamapori.

Hadubini:
Mkuu Kichuguu, hoja ina uzito, ila rangi ya kijivu peke yake si ushahidi. Majivu ya jikoni ni ya kijivu, ya volkano vilevile, na nchi hii imejaa volkano.

Kuthibitisha samadi kuna utaratibu. Unakata kipande cha udongo kama tofali dogo bila kukivuruga, unakifunga, unaweka alama ya upande wa juu (ukisahau alama, kipande hicho hakina kazi tena). Kinakaushwa, kinanyweshwa gundi ya rezini hadi kigumu, kisha kinasagwa mpaka unene wa maikromita 30, mwanga unapenya. Kwenye hadubini unatafuta vitu viwili: chembe za mviringo za chokaa zinazotengenezwa kwenye utumbo wa wanyama wanaocheua, na vijiwe vya silika kutoka kwenye majani, vikiwa vimelala bapa kwa kukanyagwa na kwato.

Hapo ndipo makosa huanzia. Udongo wenye asidi huyeyusha zile chembe za chokaa, kwa hiyo kuzikosa si kusema zizi halikuwepo. Mchwa na fuko nao huchanganya matabaka. Ndiyo maana watu hupima pia naitrojeni: katika samadi naitrojeni nyepesi huruka kama amonia, ile nzito yenye namba 15 hubaki. Ukipata chembe, vijiwe, fosforasi na naitrojeni nzito kwa pamoja, na sampuli za kulinganisha zimetoka kwenye udongo wa aina ileile nje ya zizi, hapo sina ubishi. Sampuli za kulinganisha zikichukuliwa bondeni wakati zizi liko mgongoni mwa kilima, vipimo vyote havina maana.

NyikaPana:
Nakubaliana na vipimo. Nisichokubali ni kuruka kutoka Narok hadi Ngorongoro kana kwamba ni shamba moja. Mazizi yale yalikaa kwenye udongo hafifu, ndiyo maana rutuba yake inaonekana wazi. Tambarare za majani mafupi chini ya Ngorongoro zimefunikwa na majivu ya volkano, Oldoinyo Lengai ikiwemo. Kalsiamu imejaa tayari. Nyumbu huzalia pale kwa sababu ya majivu, hawakungoja zizi la mtu.

Halafu kuna idadi. Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro imekuwa ikitaja watu wapatao 8,000 wakati eneo linaanzishwa mwaka 1959, na zaidi ya 100,000 katika miaka ya karibuni. Mazizi matano ya kale hayaniambii kama nchi inaweza kubeba idadi hiyo.

Mfupa:
Ndugu zangu, mnajadili samadi mmesahau mifupa, na mifupa ndiyo inayoonyesha watu walikula nini.

Ngamuriak, katika bonde la Lemek huko Narok, makazi ya miaka 2,000 hivi iliyopita: karibu mifupa yote ni ya ng'ombe, mbuzi na kondoo. Watu wamezungukwa na wanyamapori na hawawagusi. Nenda Prolonged Drift karibu na Nakuru, mifupa ya pori ni mingi pamoja na ya mifugo. Wengine wanaona ni wafugaji waliowinda, wengine wanaona ni makundi mawili ya nyakati tofauti yaliyochanganyika kwenye tabaka moja. Kwa hiyo anayesema "wafugaji wa kale hawakuwinda" anachukua Ngamuriak na kuificha Prolonged Drift.

Tahadhari za kazi. Chekeche la tundu za milimita 5 linapitisha meno ya wanyama wadogo na vifundo vya swala, na hesabu inaegemea ng'ombe bila mtu kujua. Kipande cha mguu wa kondoo na cha swala tomi hutofautishwa kwa shida, ng'ombe na nyati hivyohivyo. Vipande visivyo na meno wala vifundo viandikwe "mcheuaji wa kati" au "mcheuaji mkubwa", visilazimishwe jina, au vipelekwe kupimwa kolajeni, protini ya mfupa inayotambulisha mnyama. Na anayewinda mnyama mkubwa mbali hubeba nyama, anaacha mifupa huko. Nyama ya pofu (yule swala mkubwa) iliyoliwa haionekani kwenye jalala la boma.

Kichuguu:
Mfupa, nimekuelewa, nafuta "hawakuwinda" kabla sijaiandika. NyikaPana, kuhusu majivu uko sahihi, na ninapunguza dai langu: kwenye tambarare samadi haikuongeza kitu kikubwa. Lakini nyanda za juu na kingo zenye vichaka ni habari nyingine. Hata ndani ya kreta yenyewe yalifukuliwa makaburi ya marundo ya mawe yenye bakuli za mawe, kazi ya wafugaji wa kale, kabla ya kuwepo mpaka wowote wa hifadhi.

Kuna jambo ambalo wanaotaka nyika tupu hawaligusi: sotoka, tauni ya ng'ombe. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 iliua ng'ombe, nyati na nyumbu kwa pamoja. Mvumbuzi wa Kiaustria Oscar Baumann alipopita Ngorongoro mwaka 1892 alikuta Wamasai wanakufa njaa. Watu walipopungua vichaka vilisogea, na mbung'o akafuata. Wakoloni waliofuata waliikuta nchi ya msiba wakadhani ni nchi ya asili. Chanjo ya ng'ombe ilipofanikiwa, nyumbu wa Serengeti walipanda kutoka takriban 260,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi kama milioni 1.3 mwishoni mwa miaka ya 1970. Nyati na nyumbu walinufaika kwa dawa iliyochomwa kwenye ng'ombe. Hilo lazima liingie kwenye hesabu.

NyikaPana:
Liingie. Lakini tazama ushahidi wako unaegemea wapi: boma *linapohama*. Ndama wa nyumbu wanapozaliwa, Februari na Machi, mfugaji huondoa ng'ombe tambarare kwa sababu ndama hao wana kirusi kinachoua ng'ombe. Mfumo wote ulisimama juu ya miguu. Kisima cha pampu, shule na zahanati vinamfunga mtu mahali pamoja mwaka mzima, na samadi ikirundikana bila kuachwa inazaa magugu na kupe, ukoka hauoti.

Hadubini:
Basi hapo panapimika. Chagua maboma yaliyoachwa ambayo wazee wa Ngorongoro wanajua mwaka wake: ya miaka 10, 30, 60. Mengine yawe nyanda za juu, mengine tambarare za majivu. Kila boma sampuli katikati, ukingoni, mita 50, 100 na 200, kina cha sentimita 0 hadi 10 na 10 hadi 30. Andika majani yaliyopo, hesabu kinyesi cha kila mnyama, masika na kiangazi. Weka pembeni maboma ambayo hayajahama kwa miaka 20.

Mfupa:
Na wazee waulizwe kabla hawajamaliza kuhama. Boma lisilo na mtu wa kulitaja mwaka litatugharimu kipimo cha kaboni cha kukadiria umri, na kwa miaka 60 kaboni ya udongo haitatupa jibu la kuaminika.