Nastaafu utendaji wa kijiji, wananchi wanataka kunipa shamba. Nipokee au nikatae?

Mtunza Muhtasari (mleta mada)

Wakuu, shikamooni mlionizidi umri, na wadogo zangu habari za kazi.

Mimi ni Afisa Mtendaji wa Kijiji mkoani Singida. Mwakani natimiza miaka 60, kwa hiyo nastaafu kwa lazima. Nilianza 1998 nikiwa na elimu ya darasa la saba, nikilipwa posho na kijiji, baadaye halmashauri ya wilaya ikatuchukua kwenye ajira. Nimepita vijiji kadhaa, ila hiki nilichopo ndicho nilichokaa kuliko vyote. Wanangu wa mwisho wamezaliwa hapa na hawajui kwingine.

Nilipoanza kazi, jina la mtendaji lilikuwa linatisha. Kodi ya maendeleo ilikuwepo. Tulikuwa tunatoka alfajiri na mgambo, tukifika kwenye mji tunakuta uji bado unachemka jikoni na wanaume wote wameshakimbilia porini. Kodi ilipofutwa 2003 nilipumua. Toka hapo watu walianza kunijua kwa kazi nyingine: madarasa ya MMEM (mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi), ambayo matofali yake walifyatua wenyewe, sekondari ya kata, zahanati, walengwa wa TASAF (mfuko wa maendeleo ya jamii), migogoro ya mipaka. Kila muhtasari wa kijiji hiki kwa miaka yote hiyo umeandikwa kwa mkono wangu.

Sasa mwezi uliopita mwenyekiti wa kijiji alinifuata na wazee wawili. Wanasema wameshauriana, wanataka halmashauri ya kijiji inipatie ekari nne kama asante, nijenge na nilime hapahapa. Eneo lenyewe liko nyuma ya zahanati, kuelekea lambo. Wanataka lipite kwenye kikao cha mwezi ujao kabla sijaondoka, kwa sababu wanaogopa mtendaji mpya ataleta vikwazo.

Mke wangu anataka tubaki. Kaka zangu wanasema nirudi nyumbani, tarafa nyingine, kuna shamba la baba. Mimi moyo uko hapa, lakini ekari hizi zinaninyima usingizi. Katibu wa kikao hicho ni mimi. Nitaandikaje muhtasari wa kujigawia ardhi? Halafu wapo niliowasimamisha kulima kwenye malisho, wapo niliowafikisha baraza la ardhi. Kesho watasema nini?

Naomba ushauri wenu, hasa waliostaafu kutoka serikali za mitaa.

---

Mtendaji Kata Mstaafu

Marahaba kaka, na hongera kwa kufika. Nimestaafu utendaji wa kata huko Rukwa, kwa hiyo unachokisema nakijua.

Kwanza furahi. Watendaji wangapi wanaagwa kwa kuambiwa bakini? Wengi wetu siku ya kuondoka unaona watu wanachungulia dirishani kama kweli umefunga mizigo. Wewe wamekuja kukuomba ubaki, na wazee wametangulia. Hiyo usiipokee kwa hofu tupu.

Lakini usikubali kikao cha mwezi ujao. Sizungumzii hata sheria kwanza, nazungumzia heshima yako. Kabidhi ofisi. Kabidhi muhuri, leja, vitabu vya stakabadhi, rejesta ya wakazi, mashine ya kukusanyia ushuru, kila kitu kwa hati ya makabidhiano yenye sahihi ya mtendaji kata. Ukishakuwa raia wa kawaida, andika barua ya maombi kama mwanakijiji mwingine yeyote. Mtendaji mpya ndiye aandike muhtasari. Wakiwa wanakupenda kweli leo, miezi mitatu baadaye bado watakupenda.

---

Binti Ilongero

Mzee shikamoo. Mimi nafanya kazi za msaada wa kisheria vijijini, naongezea upande huo.

Halmashauri ya kijiji peke yake haina mamlaka ya kukupa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, kifungu cha 8, inasema halmashauri ya kijiji ni mdhamini tu wa ardhi kwa niaba ya wanakijiji, na haigawi ardhi bila kibali cha mkutano mkuu wa kijiji kwanza. Wewe hili unalijua kuliko mimi, umelisimamia miaka yote. Ila nimelisema kwa ajili ya mwenyekiti wako, maana anavyoongea anaona wajumbe wakishapitisha yamekwisha.

Swali langu ni hili: hiyo ardhi iko kundi gani? Kwenye kijiji kuna ardhi ya pamoja, kuna ardhi inayotumiwa na watu binafsi au familia, na kuna ardhi ya akiba ambayo ndiyo inaweza kugawiwa baadaye. Umesema iko nyuma ya zahanati kuelekea lambo. Ng'ombe wanapita wapi kwenda kunywa?

---

Mkulima wa Alizeti

Mimi nitasema tofauti na wenzangu, na mzee anisamehe. Kataa kabisa.

Umelipwa mshahara. Umefanya kazi nzuri, sawa, na ndiyo kazi uliyoajiriwa. Mtumishi wa umma akianza kuondoka na ardhi ya kijiji, hata ikiwa ni kwa upendo, anayemfuata naye atategemea, na wa baada yake ataomba kabla hajapewa. Vijana wa kijiji hapo hawana mashamba, wanakodisha ekari kwa msimu, na wengine wamekwenda kubeba mizigo mjini kwa kukosa pa kulima. Hao wakikuona umepewa ekari nne watanyamaza kwenye mkutano kwa sababu ni wewe, mtu mzima, mwenye muhuri. Kunyamaza si kukubali.

Nunua kwa mtu. Nunua ekari moja kwa bei ya watu wote, mbele ya mashahidi, ujenge. Utalala usingizi.

---

Mtendaji Kata Mstaafu

Ndugu Mkulima wa Alizeti, hapo kwa vijana umesema jambo zito. Ila usisahau kwamba mwanakijiji yeyote anayeishi pale anayo haki ya kuomba ardhi. Kwa nini aliyewatumikia akose haki ambayo hata mhamiaji wa jana anayo? Asipewe kwa sababu alikuwa mtendaji, sawa. Lakini pia asinyimwe kwa sababu alikuwa mtendaji.

---

Mama Wawili Kiomboi

Naomba niseme yaliyotokea kijijini kwetu, jina la kijiji naliacha.

Mtendaji wetu wa zamani alipewa eneo karibu na mnada akiwa bado kazini. Alikuwa mtu mwema, wala hakuomba. Uongozi ulipobadilika baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa, viongozi wapya wakataka kuona muhtasari. Ukapatikana wa halmashauri ya kijiji, wenye mwandiko wake mwenyewe. Wa mkutano mkuu haukuwepo. Alikuwa ameshajenga msingi na kuchimba kisima. Shauri lilikwenda mpaka baraza la ardhi la wilaya na mzee wa watu alikosa. Kilichoniuma si ule msingi, ni kwamba watu waliokuwa wanamwita baba walianza kumuita mwizi, watoto wake wakisikia.

Mzee, usikubali kitu chenye mwandiko wako.

---

Afisa Rasilimali

Shikamoo mzee. Mimi niko idara ya utumishi kwenye halmashauri nyingine. Habari ya shamba wenzangu wameizungumza vizuri. Mimi nina wasiwasi na kitu kingine ulichokitaja kwa kupita.

Umesema uliajiriwa kwa darasa la saba. Je, ulikuwa miongoni mwa watumishi wa darasa la saba walioondolewa kazini 2017 kisha wakarudishwa 2018, wale walioajiriwa kabla ya 20 Mei 2004? Kama ndiyo, michango ya kipindi ulichokaa nje ilipelekwa? Wengi walirudi kazini wakashukuru Mungu, hawakuuliza tena.

Nikupe hesabu uone uzito wake. Kanuni ya PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, ni hii: idadi ya miezi uliyochangia, gawanya kwa 580, zidisha kwa wastani wa mshahara wa mwaka wa miaka yako mitatu bora ndani ya kumi ya mwisho. Hapo unapata pensheni ya mwaka. Kwa nyie mliotoka LAPF, mfuko wa zamani wa serikali za mitaa, mliokuwa kwenye mkupuo (fedha ya mara moja unapostaafu) wa asilimia 50, mkaja kushushwa hadi 33 mwaka 2022, tangu bajeti ya 2024/25 mkupuo ni asilimia 40. Asilimia hiyo inazidishwa kwa pensheni ya mwaka, kisha mara 12.5. Asilimia 60 iliyobaki inagawanywa kwa 12 kuwa pensheni ya kila mwezi.

Tuseme mshahara wako ni 700,000 na miezi ni 300. Mkupuo unakuja kama milioni 21.7, na kila mwezi kama 217,000. Sasa miezi kumi ikikosekana, ikabaki 290, mkupuo unakuwa milioni 21 na kila mwezi 210,000. Umepoteza zaidi ya laki saba mara moja, na elfu saba kila mwezi maisha yako yote. Hiyo ni michango ya miezi kumi tu.

Nenda ofisi ya PSSSF ya mkoa ukaombe taarifa ya michango, mwezi kwa mwezi, tangu enzi za LAPF. Kagua kwa kalamu. Ukikuta pengo, rudi kwa mwajiri wako ukiwa bado mtumishi. Ukishastaafu, kila mlango unakuwa mzito.

---

Mtunza Muhtasari (mleta mada)

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Asanteni sana.

Afisa Rasilimali, umenigusa. Ndiyo, nilikuwa miongoni mwao. Nilikaa nyumbani nikiuza mafuta ya taa, kijiji kikiwa hakina mtendaji, na watu bado walikuwa wanaleta migogoro kwangu uani. Niliporudishwa nililipwa mishahara sehemu, lakini michango sikuwahi kuangalia. Jumatatu nakwenda Singida mjini.

Binti Ilongero, swali lako la ng'ombe. Jana jioni nilikwenda kutembea pale na mzee mmoja mfugaji, sikumwambia ninachotafuta. Nilimuuliza tu njia ya zamani ya mifugo ilipita wapi. Akanionyesha kwa fimbo: inatoka kwenye mti mkubwa nyuma ya nyumba ya mganga, inakata lile eneo katikati, inashuka lambo. Siku hizi ng'ombe wanazunguka kwa sababu kuna mtu amelima kandokando. Kwenye mpango wa matumizi bora ya ardhi, ambao nilishiriki kuuandaa, lile ni eneo la pamoja. Mwenyekiti hakujua, ni kijana, amechaguliwa 2024.

Kwa hiyo hilo nimelikataa leo asubuhi. Nimemwambia mwenyekiti mbele ya wale wazee. Mmoja alikasirika, akasema nadharau. Nilimueleza kwamba mimi ndiye niliyemtoa mwanawe kwenye malisho, siwezi kuingia mimi. Akanyamaza, tukanywa chai.

Kubaki nitabaki. Mke wangu ana kikundi chake cha kuweka na kukopa hapa, na kaka zangu nitawaelewesha. Kuna mama mjane anauza ekari moja na nusu upande wa shuleni, wanawe wako Dodoma. Nitasubiri mkupuo. Swali lililobaki: nikinunua, mauziano yaandikwe ofisi ya kijiji nikiwa bado mtendaji au baadaye?

---

Mkulima wa Alizeti

Mzee, nakupa heshima zote. Msimu ukifika njoo uchukue mbegu kwangu.

---

Binti Ilongero

Baadaye, mzee. Subiri uwe umekabidhi ofisi, mtendaji mwingine agonge muhuri. Wanawe wote wa yule mama wasaini, hata kama wako Dodoma, na kama shamba ni la marehemu mume wake hakikisheni mirathi ilifunguliwa. Majirani wa pande zote nne wawepo siku ya kupima. Ukimaliza, peleka maombi ya hati ya hakimiliki ya kimila, wewe na mke wako majina yote mawili.

---

Afisa Rasilimali

Jumatatu ukienda mjini beba barua ya ajira ya kwanza, ya kuthibitishwa kazini, ya kupandishwa cheo ya mwisho, barua ya kurudishwa kazini ya 2018, na kitambulisho cha NIDA. Angalia jina liwe linafanana kwenye zote, herufi kwa herufi. Na mtu akikupigia simu akisema yuko mfuko wa pensheni, anataka hela kidogo ili faili lako lisogee, kata simu. Wastaafu wanalizwa sana na hao. Barua ya kuthibitishwa kazini ndiyo wengi hawana, itafute leo usiku.