Tupeane uzoefu: swali la "nani alianzisha yote" lilikukuta wapi?

Mtoto wa Reli: Wakuu, niko stesheni ya Tabora nangoja treni ya Kigoma, nimemkumbuka marehemu baba. Nikiwa la tano nilimuuliza behewa la mwisho linavutwa na nini. Na la mbele yake. Na hilo? La mbele yake. "Hata ukiyaunga mpaka Urambo, pasipo kichwa hayaondoki." Tangu hapo sikubali kwamba ulimwengu hauna mwanzilishi. Nyie je?

Binti Ujiji: Madrasa. Tulisomeshwa hoja ya Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu wa zamani: kilichoanza kuwapo kina aliyekianzisha, ulimwengu ulianza, basi una mwanzilishi. Nikauliza, na Mungu je? Nilisimamishwa nje mpaka adhuhuri.

Ticha wa Fizikia: Walikuonea bibie, maana jibu lipo: hoja inasema "kilichoanza", si "kilichopo", na Mungu kwao hakuanza. Ila mimi treni hainitoshi. Mabehewa tumeyaona yakiungwa, ulimwengu nani aliuona? Mwanafalsafa Russell alimwambia padri Copleston kwenye mdahalo wa redio ya BBC mwaka 1948 kwamba ulimwengu upo tu.

Mtoto wa Reli: "Upo tu"! Mwanafunzi akikujibu hivyo unampa ngapi?

Ticha wa Fizikia: Na wewe ukisema Mungu yupo tu, nikupe ngapi?

Mzee wa Katonga: Mmenitonesha wanangu. Ilikuwa Agosti, usiku wa giza, tumetoka kuvua dagaa. Upepo wa kusi ukachachamaa, karabai zikazima, mtumbwi ukapinduka. Nilishika kamba ya wavu mpaka alfajiri. Upepo sikuushangaa, ni msimu wake. Nilichojiuliza ni kwa nini kuna upepo, kuna ziwa, kuna mimi, na ingewezekana kusiwe na chochote. Mdogo wangu hatukumpata. Matangani kila mtu alileta sababu yake: mzigo, upepo, kukosa boya. Zote za kweli, na hakuna hata moja iliyonifikisha. Huyo wa kwanza sijawahi kumthibitisha, lakini niliongea naye usiku kucha.

Mama Mwanga: Pole sana baba. Nimelia.

Kijana wa Kibirizi: Mlikuwa wangapi mzee? Jamani vaeni maboya, hata ziwa likiwa shwari.

Ticha wa Fizikia: Pole mzee wangu. Kuhusu mwanzo, nadharia ya mlipuko mkuu (Big Bang) inatupa miaka bilioni 13.8 tangu ulimwengu uanze kutanuka, na mmoja wa waanzilishi wake ni padri Lemaître wa Ubelgiji. Yeye mwenyewe hakutaka igeuzwe ushahidi wa Mungu.

Binti Ujiji: Msomeni Ibn Rushd, mwanafalsafa wa Kiislamu aliyempinga Ghazali. Kwake hata ulimwengu usio na mwanzo bado unamhitaji Mungu. Hilo liko karibu na swali la mzee kuliko treni.

Mama Mwanga: Msisome kitu. Swalini, salini, mlale.

Binti Ujiji: Mzee, samahani. Ulimwambia nini usiku ule?

Mzee wa Katonga: Nilimuuliza kama anamwona mdogo wangu.

Mtoto wa Reli: Treni imeingia. Mzee, nikishuka Kigoma kesho nitakuja Katonga nikusalimie.