Mkojo wa wakata miwa Muhoroni: nihifadhi vipi kabla ya kupima?

Akinyi wa Ahero
Habari zenu wadau. Mradi wangu wa chuo ni kupima kama wakata miwa upande wa Muhoroni wanakunywa maji ya kutosha. Mkojo nachukua alfajiri kabla hawajaingia shambani, na tena wakitoka. Jua la huko mnalijua. Shida ni kwamba rifraktomita, kile chombo cha kupima ukolezi wa mkojo, iko maabara Kisumu, na matatu ikichelewa nakuta wameshafunga. Mwenzangu anasema nigandishe zote kwenye friza nije nipime wikendi. Ni sawa kweli? Watu hawa wameniamini, sitaki kuwapa majibu ya uongo.

Fundi Maabara Nakuru
Dada Akinyi, tafadhali usigandishe. Mkojo ukiganda, chumvi zake hujitenga na kutuama. Ukiyeyusha, nyingine hazirudi, na kipimo kinaweza kusoma chini ya hali halisi. Yaani mtu aliyekaukiwa maji anaonekana mzima. Kwa kazi yako hakuna kosa baya kuliko hilo.

Kuuacha juani pia hapana. Bakteria huvunja yurea ikawa amonia, ndiyo ile harufu kali ya mkojo uliolala. Kanuni yetu ni kupima ndani ya saa 2. Ikishindikana, kisanduku chenye barafu hadi kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, upime kesho yake. Funga kikopo kikaze, maana maji yakivukiza mkojo unakolea. Namba ya mtu iandike ubavuni mwa kikopo, si kwenye kifuniko. Vifuniko hubadilishana mezani bila mtu kujua.

Kesho yake usikimbilie kupima. Kiinue kikopo kwenye mwanga: mara nyingi utaona ukungu, au mashapo ya pinki chini. Hizo ni chumvi zilizoshuka kwa baridi. Acha baridi yake iishe mpaka kifikie joto la chumba, kigeuzegeuze polepole hadi mashapo yaishe, ndipo uchote tone.

Kocha Kakamega
Kwani lazima usafirishe mkojo? Rifraktomita ya mkono inaingia mfukoni na haitaki stima. Sisi tunapima wachezaji pale pale uwanjani. Anza na maji safi ya maabara, isome 1.000, yaani maji matupu, kisha tone la mkojo, chungulia kwenye mwanga, futa, mwingine. Ikipita 1.020 tunahesabu maji yamepungua.

Akinyi wa Ahero
Asante sana Kocha. Nitaomba wanikubalie niende nayo shambani. Sasa barafu niache?

Fundi Maabara Nakuru
Beba tu, uweke kiasi cha kurudia kama namba inakutia shaka. Na dada, ukikuta mtu amepita 1.030, usisubiri ripoti. Mwambie hapo hapo, mtafutie kivuli na maji, na msimamizi wake ajue kabla hajarudi kushika panga.