MJADALA: Madereva wa PSV (magari ya abiria) na malori wapimwe upya kila mwaka, ndio ama la?

Mwalimu wa Ngata
Wadau wa Nakuru, Kericho, Kisumu na western yote, naomba tuongee hii maneno bila matusi. Juni 2023 pale Londiani Junction tulipoteza watu zaidi ya 50, watu walikuwa wamesimama tu stejini na wachuuzi wako kwa biashara zao, lori ya kontena ikawafuata huko huko kando. Kabla ya hapo ilikuwa ile ajali ya basi ya Fort Ternan. Agosti 2025 basi ya shule imebeba waombolezaji kutoka Nyahera kurudi Nyakach, ikaangukia pale raundabauti ya Coptic, Mamboleo, Kisumu, zaidi ya watu 20 wakaenda. Kila ajali ni "gari ilimshinda dereva", "breki zilikataa", basi tunafunga mjadala. Mimi nauliza, huyo dereva alifunzwa lini kushuka mlima na mzigo? Alisomea gari ndogo yenye kibandiko cha L, akazunguka mtaa, akaenda akasukuma vigari vya toi kwa ubao mbele ya mtahini, akapita. Baadaye akapanda daraja kwa makaratasi. Nasema apimwe kila mwaka, na apimiwe kwa mteremko wa ukweli. Mnasemaje?

Trela wa Malaba
Mwalimu umegusa pale pale. Mimi niko hii njia ya Mombasa Malaba miaka mingi, na ugonjwa wa ule mteremko wa Sachangwan kushuka Salgaa unaitwa fri. Jamaa akifika juu anatoa gia, anaacha gari iteremke yenyewe ati anaokoa dizeli, na hiyo ameokoa atauza. Sasa mzigo unamsukuma, spidi inafika mahali gia haiingii tena hata apigane nayo, amebaki na breki ya mguu peke yake. Anakanyaga, anakanyaga, ngoma zinashika moto, unaona moshi mweupe unatoka kwa tairi za nyuma na ile harufu kali ya breki kuungua inaingia mpaka kwa kabini yako wewe uko nyuma yake. Ukinusa hiyo, mpe nafasi, huyo hana breki tena. Sisi tulifunzwa na wazee kwamba gia uliyopandia mlima ndio hiyo hiyo ushukie. Na hizi injini za sasa, ukiwa kwa gia na hujakanyaga mafuta, inajikatia dizeli yenyewe, lakini ukiweka fri inaendelea kunywa ndio isizime. Kwa hivyo hata hiyo dizeli haokoi! Hii kitu hakuna shule nimeona wakifunza, turnboy, yule msaidizi wa lori, anaiba ujuzi kwa dereva, na dereva akiwa mjinga turnboy naye anatoka mjinga hivyo hivyo.

Mzee wa Kiamunyi
Darasa, darasa. Mimi nilifunzwa na marehemu baba kwa shamba kule Rongai, na pikapu, nikaenda kufanya mtihani tu, na mpaka leo sijagonga mtu. Hawa vijana wanajua alama zote. Mtu anaona mstari haukatiki, yuko kwa kona, haoni mbele, na bado anaovateki trela tatu. Huyo utamfunza nini? Ni nidhamu imekosekana. Na nyinyi abiria pia, haswa nyinyi wa Kisumu mnaokubali kukalia kiti kimoja na dereva kwa Probox, hizi gari ndogo zinabeba abiria, msije hapa kulilia usalama.

Wafula Bungoma
Fort Ternan si ilikuwa 2019? Ile basi ya Kakamega.

Mwalimu wa Ngata
Oktoba 2018. Ilitoka Nairobi usiku, paa likang'oka lote, watu zaidi ya 50. Na ilisemekana haikuwa na kibali cha kusafiri usiku. Lakini turudi kwa mafunzo tafadhali.

Atieno wa Kombewa
Mafunzo yatangoja kidogo, kuna mtu hapa amenitusi.

Mzee wa Kiamunyi, hiyo ya Probox ilikuwa yangu na nimeipokea. Wewe unajua saa mbili usiku stejini Kisumu inakaa namna gani mvua ikinyesha? Matatu ya mwisho imeenda imejaa, mpaka kibao cha sambaza kimekaliwa. Imebaki Probox moja. Nyuma kwa kiti kuna watu wanne na mtoto, kule kwa buti kuna wengine wamekunja magoti na magunia yao, mbele upande wa kushoto wako wawili. Dereva anafungua mlango wake ananiambia mama ingia hapa. Ninabanwa kwa mlango, yeye anasogea karibu na gia, anaendesha mwili umepinda na kiwiko chake kiko kwa mbavu zangu kila akikata kona. Unafikiri napenda? Unafikiri siogopi? Naomba njia yote. Boda usiku ataniitisha pesa ya siku mbili na anipitishe gizani peke yangu. Kwa hivyo chagua wewe, nipande gani?

Mzee wa Kiamunyi
Dada yangu, kataa. Nyinyi wote mkikataa wiki moja tu hiyo biashara inakufa.

Atieno wa Kombewa
Nikatae nilale wapi?

Wafula Bungoma
Mzee na heshima yote, wewe unaingia kwa gari yako unafunga mkanda unaweka redio. Usituambie kataa. Huko kwetu njia ya Malaba hata hiyo Probox tunaitafuta. Na wacha niseme kitu nyinyi wote mmeruka. Hesabu ya NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, ya 2024 ilipita watu 4,700 waliokufa barabarani nchi nzima, na kundi linaloongoza ni wenye wanatembea kwa miguu, halafu watu wa pikipiki wanafuata. Mtoto wa shule anatembea kwa lami kwa sababu kando ni mtaro. Utampima dereva kila mwaka, sawa, na huyo mtoto atapita wapi? Angalieni Sachangwan, walipoweka ule ukuta wa katikati mpaka Salgaa, zile za kugongana uso kwa uso hapo zilipungua, na madereva ni wale wale. Hawakurudi darasa lolote.

Trela wa Malaba
Wafula ukuta unazuia asije upande wako. Hauzuii asimwendee wa mbele yake. Londiani hiyo lori haikuovateki kwa kona, iliingia stejini.

Makanga wa Kondele
Omera mnaongea kama gari ni ya dereva. Dereva wa Probox ama matatu anaamka anaambiwa tageti ni pesa fulani, mafuta juu yako, na kila kizuizi kuna mtu anangoja kusalimiwa mkono. Akibeba watu wanne vile karatasi inasema, jioni anapeleka nini kwa mwenye gari? Kesho hiyo gari ina skwadi mwingine, dereva wa kushikilia, ako tayari, hata leseni haijaangaliwa. Nimefanya kazi na dereva mpole kabisa, mtu wa kanisa, na ikifika saa kumi na moja jioni tageti haijafika anabadilika, anapita juu ya lami na chini ya lami. Huyo hakusahau kuendesha. Mpelekeni darasani mwenye gari.

Mzee wa Kiamunyi
Michuki akiwa waziri wa uchukuzi alimaliza haya mambo 2004. Watu 14 kwa matatu, mkanda kila kiti, spidi gavana 80, mstari wa njano ubavuni. Hakuuliza mtu tageti. Watu walitembea kwa miguu siku za kwanza na hawakufa.

Makanga wa Kondele
Wengine walitembea, mzee. Wewe ulitembea?

Mzee wa Kiamunyi
Kijana nipe heshima. Nilikuwa naenda kazini Nakuru mjini na matatu kama kila mtu, na ndio, tulitembea.

Mwalimu wa Ngata
Jamani. Mzee, hata hiyo gavana ya Michuki leo inachezewa, gari inaandikwa 80 na inakupita ukiwa 100. Na Michuki alileta mikanda na gavana, hakugusa kile kinafunzwa. Desemba 31 2017 pale Migaa, karibu na Salgaa, basi ya kutoka Busia na lori, watu 36 kwa pigo moja, serikali ikapiga marufuku mabasi ya usiku. Miezi kumi haijaisha, Fort Ternan, usiku. Marufuku tumeyaona yote, ukuta tumeona, gavana tumeona. Kile hatujawahi jaribu ni kumfunza mtu kazi anayoenda kufanya. Rubani hapewi ndege kwa sababu alifaulu kuendesha tuktuk! Mtu akiomba leseni ya lori, mweke kwa lori yenye mzigo, juu ya Mau Summit, instrakta kando yake, ashuke mpaka Salgaa kwa gia ya chini. Akitoa gia tu, amefeli, arudi mwezi ujao. Sioni hii ina ugumu gani.

Trela wa Malaba
Hiyo nitasimamia hata bure. Ila Mwalimu, nani analipa? Ukisema dereva ajilipie kila mwaka, na siku za mtihani haendi safari, atafanya vile wengi hufanya, atatafuta mtu wa kumletea cheti nyumbani. Mwenye lori ndio alipe, na cheti kiandikwe namba ya gari, ikianguka waulizwe wote wawili.

Makanga wa Kondele
Hapo sasa. Na mwenye matatu pia.

Wafula Bungoma
Na njia za miguu? Naona nimejibiwa na kimya.

Mzee wa Kiamunyi
Njia za miguu ni kazi ya kaunti na wenye barabara, hapa tunaongea madereva. Mimi bado nangoja dada aniambie kwa nini sheria ya watu wanne haimhusu.

Atieno wa Kombewa
Inanihusu, na kesho saa mbili nitakuwa hapo hapo stejini. Ukipita na gari yako yenye viti vinne vitupu simama unibebe, tuongee sheria njiani.

Mwalimu, swali langu ni kwako, na usilijibu na Londiani. Hii mtihani yako ya kila mwaka ni ya PSV na malori. Hiyo Probox imesajiliwa kama gari ya mtu binafsi. Haina sacco (chama cha wenye matatu), haina mstari wa njano, dereva hana leseni ya PSV na hakuna mtu anamtarajia kuwa nayo. Ndiye ananibeba kila jioni. Mtampima kama nani?

Mwalimu wa Ngata
Mama Atieno hilo ni la kujibiwa vizuri. Mimi naona kwanza wasajiliwe, wapewe njia zao za jioni rasmi na idadi ya watu, halafu wapimwe kama wengine.

Makanga wa Kondele
Wasajiliwe halafu walipe sacco, walipe steji, walipe bima ya PSV, na bado wabebe wanne? Nauli ya Kombewa itakuwa ngapi hiyo siku, Mwalimu? Piga hesabu hapa tuone.