Wana wa Bibi Semeni: gari ya Gasper

Jumatatu

18:52 Festo: Kamweneee ukoo. Naomba dakika tano zenu kuhusu gari anayotaka kununua Gasper. Wakala wa Japani anaishikilia ile Subaru WRX S4 mpaka Jumatano saa sita mchana. Ikipita hapo inarudi sokoni. Kwa hiyo tuamue leo.

18:53 Festo: Jana mimi na Gasper tumezijaribu zote tatu anazozifikiria. Mark X ya Deo, S4 ya jirani yake Rama wa Tabata (mfano uleule wa hiyo ya Japani) na ile Mercedes C63 ya Mbezi Beach, mwenyewe akiwa amekaa ndani. Tumeanzia Kibaha saa kumi na mbili alfajiri mpaka Mlandizi na kurudi.

18:55 Festo: Kwenye karatasi iko hivi. Mark X 3.5 farasi 318. S4 farasi 300, injini ya lita 2.0 yenye turbo. C63 farasi 457, V8 ya 6.2. Ukisoma hapo utasema kazi imeisha, abebe Mercedes. Haijaisha.

18:58 Shemeji Rama: V8 mzee 🔥🔥🔥

18:58 Festo: Rama subiri nimalize.

19:02 Festo: Watu wanapenda kuulizana sifuri mpaka mia sekunde ngapi. C63 kiwandani wanasema 4.5, sawa. Sasa Morogoro Road nani anaanzia sifuri? Sisi tunaanzia hamsini. Uko nyuma ya semi mbili zimefuatana, kijiji kimeisha, mwanya umeuona, na mbele basi linakuja kwa mbali. Hapo ndipo gari inajulikana ni gari. Ndicho nilichokwenda kupima.

19:04 Festo: C63 pale inaondoka kama imesukumwa na mtu. Ina torque, yaani nguvu ya kuzungusha, ya Nm 600, hata giaboksi haihangaiki. S4 ina Nm 400 na inazipata mapema, injini ikiwa mizunguko 2,000 tu kwa dakika. Unakanyaga, inavuta pumzi kidogo, halafu inaondoka na haikati. Mark X ina Nm 380 lakini zote ziko juu, kwenye 4,800. Lazima ishuke gia mbili injini ilie ndipo upite. Inapita, tena vizuri. Ila kuna mita umeshazitumia ambazo Mercedes haikuzitumia, na basi linakuja.

19:10 Deo: Mark X yangu mmeiendesha mmejaa humo ndani wewe na Gasper halafu unaandika haichanganyi

19:11 Festo: Sijasema haichanganyi.

19:12 Shemeji Rama: Festo na Gasper wakikaa gari moja lazima waingie mzani wa malori wa Vigwaza

19:12 Neema: 😂😂😂😂

19:13 Neema: Wanaambiwa wapunguze mzigo

19:13 Shemeji Rama: Anashushwa nani sasa 😂

19:15 Festo: Jamani. Jumatano saa sita.

19:29 Festo: Naona tiki za buluu kumi na nane. Waliojibu ni Deo, Rama na Neema. Gasper mwenyewe hajaandika neno.

19:31 Festo: Naendelea. Kurudi tumekwama foleni Mbezi Mwisho, jua limeshatoka. Hapo turbo ina shida yake. Kwenye S4 intakula, ile rejeta ya kupoza hewa ya turbo, imelala juu ya injini. Gari ikisimama inakula moto wa injini wote. Foleni ilipoachia nikakanyaga, ikawa nzito kwa muda, mpaka ilipopata upepo.

19:33 Festo: Lakini Gasper kila mwezi anapanda Iringa. Kule ni juu, hewa nyepesi. Injini isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kwa hiyo zile 318 za Mark X ni za hapa Dar, usawa wa bahari. Ukishavuka mlima Kitonga ukafika Ilula huna tena 318. Yenye turbo inajisukumia hewa yenyewe, haiumii hivyo.

19:36 Neema: Na ushuru?

19:38 Festo: Swali zuri Neema. S4 ni cc 1,998, haijavuka 2,000, ushuru wa bidhaa 5%. Ingekuwa 3.5 inaagizwa leo ni 10%. Ushuru wa uchakavu nao gari ikivuka miaka kumi unatoka 15% unakwenda 30%. Ndiyo maana nawakimbiza.

19:41 Deo: Yangu haina meli wala bandari wala ushuru. Iko nje hapa. Gasper anakuja tunabadilisha jina kwenye kadi anaondoka nayo. Bei tulishaongea kindugu

19:44 Aneth: Festo, kabla ya ushuru. Ile Toyota GX110 uliyoiuza, Mama Mdogo Tulla ulishampa sehemu yake?

19:52 Festo: Aneth hilo tulilimaliza Pasaka.

19:52 Aneth: Ulilimaliza na nani?

19:53 Deo: *Ujumbe huu umefutwa*

19:54 Aneth: Deo nimeuona kabla hujafuta.

19:55 Neema: Jamani Mama Mdogo yumo humu.

19:55 Aneth: Najua yumo. Ndiyo maana nauliza humu.

20:06 Festo: Aneth nitakupigia. Tumalize hili la Gasper kwanza.

20:08 Festo: C63. Nitaisema kwa haki maana nimeipenda. Pale mtaani kwao kuna tuta, tukashuka mimi na Gasper ili ipite. Nikachuchumaa kuangalia. Kati ya tuta na tumbo la gari ni vidole viwili, na hapo haina mtu zaidi ya dereva. Tairi za mbele ni 235, za nyuma 255, kwa hiyo huwezi kuzihamisha mbele na nyuma ukabana matumizi. Na nilipoangalia sindano ya mafuta Mlandizi nikaangalia tena. Mshahara wa Gasper naujua.

20:31 Gasper: Nawasoma

20:31 Gasper: Ile sauti ya V8 bado iko masikioni

20:32 Shemeji Rama: Mwacheni kijana ajifurahishe angali hajaoa

20:33 Neema: Akioa atahamia Noah

20:33 Shemeji Rama: Noah ya 2.0, viti saba, wakwe nyuma 😂😂

20:35 Festo: Gasper unasema nini? S4, Mark X au C63?

20:50 Festo: Gasper?

21:15 Baba Mkubwa: Kamwene wanangu.

21:15 Baba Mkubwa: Nimesoma yote. Pale macho yaliposhindwa mjukuu amenisomea.

21:19 Baba Mkubwa: Festo umefanya kazi nzuri ya kupima. Umepima magari yanavyoondoka. Sijaona hata sehemu moja ulipoandika yanavyosimama.

21:24 Baba Mkubwa: Kitonga nimeishusha na lori miaka ishirini na sita. Kuipanda kila gari linapanda, lisilo na nguvu linapanda polepole. Kuishuka ndiyo kazi. Unashuka kwa gia ileile uliyopandia, na breki unaigusa na kuiachia. Ukiikalia inapata moto, pedali inazama mpaka chini na gari halikujui tena. Hilo la farasi 457 likishachanganya ni breki gani italirudisha? Mmeifungua tairi mkaitazama?

21:31 Baba Mkubwa: Ezekia gari lake lilikuwa na nguvu. Mimi ndiye niliyemtoa mle ndani.

21:49 Aneth: Shikamoo Baba Mkubwa. Tumekusikia.

21:50 Neema: Shikamoo Baba 🙏

21:52 Shemeji Rama: Shikamoo mzee wangu.

21:58 Festo: Shikamoo Baba Mkubwa. Ni kweli, sikupima. C63 niliikanyaga breki kwa nguvu mara moja, ikasimama sawasawa. S4 nilisimama kawaida tu, sina la kusema juu yake. Ya Deo nilipofunga kutoka mia usukani ulitetemeka. Nikadhani ni barabara.

22:01 Deo: Usukani wangu hautetemeki

22:03 Baba Mkubwa: Marahaba wote. Deo mwanangu, sikusemi vibaya. Gari likipoa, ingiza kidole katikati ya rimu, pitisha kucha kwenye diski kutoka ndani kuja ukingoni. Kucha ikikwama ukingoni, diski imeliwa. Usimuuzie mdogo wako kabla hujafanya hivyo.

22:04 Baba Mkubwa: Nalala. Mungu awalinde.

22:34 Deo: Nimetoka nje na tochi. Ya mbele kulia kucha imekwama

22:36 Deo: Na ya kushoto

22:41 Festo: Ahsante Deo. Hilo si neno, diski zinabadilishwa, tutaongea bei upya.

22:43 Festo: Basi tufanye hivi. Jumamosi saa mbili asubuhi, kwa fundi wake Rama Tabata. Mark X na ile S4 ya jirani zifunguliwe tairi zote nne. Mwenye C63 nimemwandikia, akikubali naye alete. Halafu tunatoka nazo mpaka Kibaha, safari hii tunapima kusimama. Kutoka mia mpaka sifuri mara tano mfululizo, tuone ya tano inafanana na ya kwanza.

22:44 Festo: Wakala nimemwomba atuvumilie mpaka Jumatatu.

22:45 Festo: Rama fundi yupo Jumamosi?

22:58 Festo: Rama?

Jumanne

06:12 Shemeji Rama: Fundi yupo ila asubuhi ana gari ya mtu. Labda saa tano. Na jirani sijamuuliza, huyo gari yake haifunguliwi hovyo

07:20 Festo: Muulize leo tafadhali. Wakala amesema anaongeza siku moja tu, Alhamisi saa sita. Na anataka kitu mkononi.

07:21 Festo: Gasper umeyaona yote haya?

08:05 Gasper: Nimeona kaka. Nimeongea na Baba Mkubwa kwa simu alfajiri

08:05 Festo: Amekuambia nini?

08:06 Festo: Na wakala tumjibu nini?

08:40 Deo: Duka la spea Ilala wana diski za Mark X, sema kuna za aina mbili na bei zinapishana sana. Nani anazijua

09:37 Mama Mdogo Tulla: Hamjambo wanangu. Simu yangu ilikuwa haina chaji. Ijumaa nakuja huko, basi litafika stendi ya Magufuli saa kumi jioni. Nani atanipokea?

09:38 Festo: Shikamoo Mama Mdogo. Nitakuja mimi.

09:39 Aneth: Shikamoo Mama. Tutakuja wote wawili, mimi na Festo.

09:51 Mama Mdogo Tulla: Marahaba. Mnakuja na gari gani?