Naomba ushauri: kuuza riwaya kupitia Instagram na WhatsApp

Habari wakuu. Naomba ushauri kwa waandishi mnaojichapishia na kuuza wenyewe.

Mpango wa riwaya yangu ni huu. Instagram ni ya kuonyesha: jalada, ukurasa mmoja uliopigwa picha kwenye mwanga wa dirisha, na video fupi ya kusoma aya inayokatikia penye utamu. Kiungo ndani ya maelezo ya posti hakibonyezeki, kwa hiyo kinakaa kwenye wasifu na kumpeleka msomaji WhatsApp moja kwa moja. Namba kwenye kiungo hicho cha wa.me lazima ianze na 255, msimbo wa Tanzania, bila alama ya kujumlisha wala sifuri; ukiweka 07 hakifanyi kazi. Jibu la kwanza kwa mteja lina bei, namba ya kulipia na gharama ya kutuma kwa basi mikoani, maana maswali yakizidi mnunuzi hupotea.

Ninapokwama ni hapa. Orodha ya matangazo ya WhatsApp (broadcast) inabeba watu 256, na ujumbe humfikia tu aliyehifadhi namba yako. Wengi hawahifadhi! Kundi linaanika namba za wanachama wote, na kwa kweli wasomaji wanastahili faragha yao. Chaneli inazificha, ila mazungumzo yanapooza, nami nayataka sana maoni yao.

Mngechagua ipi? Na sura za bure ziwe ngapi, moja au tatu? PDF ikishasambaa hairudi, ndiyo maana nafikiria kutuma sura kama picha, ingawa kwenye simu ndogo herufi husomeka kwa shida. Kuna njia bora zaidi?