RAV4 inalia breki za nyuma: pedi mpya, kelele ileile

Msafiri_Kasese
Habari za kazi, mafundi. Gari ni RAV4 ya 2008, otomatiki, diski mbele na nyuma. Pedi za nyuma ni mpya, lakini gurudumu la nyuma kulia linapiga mluzi mwembamba kwenye mwendo wa polepole hata bila kukanyaga breki. Ukigusa pedali, mluzi unakatika. Ukitia rivasi na kushika breki, inasikika "ko!" moja. Baada ya safari rimu ya kulia ina joto kuliko ya kushoto. Kila siku kuna kipande cha murram. Fundi wa hapa anataka tubadilishe pedi tena. Nikubali?

Spana14
Usinunue chochote bado, ndugu. Mluzi unaokatika ukikanyaga maana yake pedi inagusa diski kidogo na kutetemeka. Ukiikanyagia inabanwa, inatulia. Lile joto linaashiria kwamba pedi hairudi. Na hiyo "ko!" ni pedi inayocheza ndani ya fremu ya kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski), mara nyingi kwa sababu aliyefunga pedi mpya alitupa vile vibanio vya bati ambavyo masikio ya pedi, yaani ncha zake mbili, hukalia.

Anza hivi. Gia kwenye P, handibreki chini, weka vizuizi magurudumu ya mbele. Legeza nati kwa soketi ya 21 gari likiwa bado chini, kisha jeki, kisha stendi; usiingize mkono chini ya gari lililo kwenye jeki peke yake. Weka gia N na uzungushe gurudumu. Mwenzako akanyage breki na kuachia. Likiwa bado zito, fungua kidogo nati ya kutolea hewa kwenye kalipa. Mafuta yakiruka na gurudumu likawa jepesi, shinikizo lilikuwa limefungiwa: mpira wa breki (bomba laini la mafuta) umevimba kwa ndani. Likibaki zito, tafuta kwenye pini ambazo kalipa hutelezea, pistoni au handibreki.

Toa boliti za kalipa (kwa kawaida soketi ya 14), uifunge kwa waya kwenye springi. Isining'inie kwa mpira wake. Sasa linganisha pedi mbili. Ya ndani ikiwa imeisha zaidi ya ya nje, pini zimekwama au pistoni hairudi. Pedi iliyolika mshazari, nene upande mmoja, ni ya pini moja iliyokwama au sikio lililobanwa na kutu.

Pini zitoke kwa mkono. Zioshe kwa dawa ya kusafishia breki, safisha tundu, paka grisi ya silikoni, safu nyembamba tu. Ukijaza tundu, hewa inafungiwa humo, pini inasukumwa, pedi inaburuta tena. Kama pini moja ina mpira nchani, irudi tundu lake lilelile.

Halafu fremu: ng'oa vibanio, kwangua kutu chini yake kwa faili mpaka chuma king'ae. Hapa ndipo wengi wanaruka. Kutu hunyanyua kibanio, kibanio hukaba sikio la pedi, na pedi mpya kabisa inakwama. Pedi iingie kwa kusukuma kwa kidole. Ikihitaji nyundo, bado hujamaliza.

Boda_na_Benzi
Mnamchosha bure. Grisi ya beringi inatosha kwenye pini, gereji zote zinaitumia.

Spana14
Ndiyo maana zinakwama, bosi. Grisi ya mafuta ya petroli huvimbisha mipira ya kalipa, pini inakaba tundu. Na usoni mwa pedi isipakwe grisi ya aina yoyote. Ni mgongoni na masikioni tu, kidogo.

Mama_Forester
Msisahau viatu vya handibreki. Kwenye gari hiyo vimo ndani ya kitovu cha diski, na vumbi la murram hujaa humo. Kelele yake si mluzi, ni mkwaruzo mzito. Diski ikigoma kutoka, toa kizibo cha mpira na urudishe adjasta (kirekebishi cha viatu) kwa bisibisi, kisha kaza boliti mbili za milimita 8 kwenye matundu yake yenye nyuzi, kwa zamu, zitaisukuma. Pangusa vumbi kwa kitambaa kilicholowa, usilipulize kwa hewa, si zuri kwa mapafu. Gamba la kiatu likiwa limebanduka, badilisha pande zote mbili. Kurekebisha: kaza adjasta mpaka diski ishike, kisha rudisha meno 8.

Angalia pia lile bati la kukinga vumbi nyuma ya diski. Kokoto ikinasa hapo inalia kama breki mbovu, kumbe dawa yake ni kulikunja bati kidogo kwa mkono.

Msafiri_Kasese
Asanteni. Mpira hauna shida. Pini ya juu imetoka, ya chini inazunguka lakini haitoki. Na mahali pa vibanio ni patupu, hakuna kitu.

Spana14
Basi umeshaipata. Paka mafuta ya kulegeza kutu, izungushe huku ukiivuta. Usichome moto ukitaka kuokoa mpira wake. Ikitoka na mashimo ya kutu, nunua pini na mipira yake. Tundu likiwa limelika, tafuta fremu nzima, hata ya mtumba, soko la vipuri la Kisekka, Kampala, hazikosi. Vibanio nunua seti ya nyuma, pande zote mbili.

Kabla ya kusukuma pistoni fungua kifuniko cha mafuta ya breki, sukuma taratibu kwa klampu. Pima unene wa diski, kiwango cha mwisho kimechongwa juu yake. Pedi zikiwa zimeng'aa kama kioo, zisugue kwa msasa wa 100. Nati za magurudumu 103 Nm, kwa msalaba. Kanyaga pedali mpaka iwe ngumu kabla ya kuliondoa gari, kisha kwenye barabara tupu punguza mwendo kutoka kilomita 50 kwa saa hadi 10 mara nane hivi bila kusimama kabisa, uliache lipoe.